Aliyeitoa Cherehani Motoni

Jumatatu, 3 Machi

Shajara mpya! Kaniletea mume wa mjukuu wangu asubuhi, kabla hajaondoka na lori lake. Eti mkewe kaagiza niandike humu kumbukumbu za ukoo, kwa mwandiko unaosomeka. Shule niliiacha darasa la tano, au shule iliniacha mimi, bado hatujaafikiana. Mwandiko wangu nausoma mimi, tena nikiwa na miwani, tena siku hiyo hiyo.

Habari yenyewe ni hii. Mjukuu ana mimba ya kwanza. Kitukuu changu cha kwanza kiko njiani! Ila presha imempanda, daktari kamwambia alale kwake, upande wa pili wa mji, miguu juu ya mito, asisimame ila kwa haja. Kachoka kuitazama dari. Basi kabuni jambo: wazee tumtumie sauti zetu kwa simu, kila mmoja asimulie ya zamani, azihifadhi, mtoto aje azisikilize hata sisi tukiwa tumeoza. "Tumeoza" ni neno langu. Yeye alisema "mmepumzika".

Jioni kanipigia mwenyewe. Nikamwita mchumba, akaniita mzee kibogoyo, salamu zikaisha. Ndipo akalitoa: mtoto atapewa jina la yule aliyeitoa cherehani motoni.

Moyo ukaruka kama springi iliyokatikiwa kamba.

Maana cherehani ile ndiyo ukoo wetu. Baba alikuwa fundi wa makochi. Karakana ilipoungua, mimi na pacha wangu ndevu ndiyo kwanza zinabisha hodi, kila kitu kiligeuka majivu isipokuwa cherehani. Kwa cherehani hiyo tumekula, kwa hiyo hiyo tumeoa. Na aliyeingia kwenye moshi akaitoa ni mimi. Nimesimulia mara nyingi mno, haiwezi kuwa uongo.

Tatizo ni pacha. Naye anasimulia. Anasema ni yeye.

Jumanne, 4 Machi

Niandike kuhusu Pacha, nipunguze sumu. Anakaa ukuta wa pili, nyumba moja iliyokatwa katikati kama mkate. Wajukuu huniita Babu Sponji kwa sababu katika karakana nilikuwa najaza. Yeye Babu Misumari, alikuwa anapigilia. Sura zilishaachana zamani: yeye kachukua kipara, mimi nimechukua tumbo. Sauti ndiyo bado moja. Marehemu mama akisikia hodi mlangoni alikuwa anajibu, "Ingia, wewe yeyote." Tofauti ni kwamba Pacha hawezi kusema neno bila kuanza na kikohozi na "kwa hakika". Mwongo lazima ajihakikishie.

Leo nimeweka gilasi ukutani nikatega sikio. Si umbea, ni utafiti. Yuko bafuni, anafanya mazoezi! "Kwa hakika, nikaipakata kama kuku, nikatoka nayo." Kama kuku! Chuma kitupu kile! Huyo kuku alikuwa amekula nini?

Nimekosa raha mchana kutwa. Chai imepoa mbele yangu.

Nitaandika na hili, maana hakuna anayeniona. Sauti ya marehemu mke wangu siikumbuki tena. Maneno yake ninayo. "Wewe mzee, futa miguu." Hayo ninayo. Lakini sauti iliyoyasema, hapana, imekwisha. Hatukuirekodi. Nani alijua kwamba sauti inakwisha kama sabuni, unaoga nayo kila siku halafu siku moja unashika maji matupu?

Sasa kitukuu kikija, kikabeba jina la Pacha, kikasikiliza kuku wa Pacha, mimi nitakuwa nani? Yule mzee mwingine mwenye tumbo.

Haiwezekani. Lazima mpango.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba mdogo.

Asubuhi nilimpigia mjukuu, nikasema nijaribu kidogo kabla ya kurekodi. Akafurahi. Kisha akaanza maswali, mwalimu wa shule huyo, presha imemlaza lakini maswali hayajalala. Babu, ilikuwa nzito kiasi gani? Babu, ulitokea mlango gani? Babu, ulishika wapi, si ilikuwa ya moto? Nikajibu kwamba mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jasho! Moshi nauona. Moto nauona. Watu wakipiga kelele nawasikia. Lakini mikono yangu, nikiitazama katika ile picha ya kichwani, haina kitu.

Uzee tu. Basi nikaenda kwa Dada. Dada ni mkubwa wetu, ametulea, na cherehani iko kwake, kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Nilimkuta ametoka, mlango umerudishiwa tu. Nikasema nijikumbushe uzito. Nikakitoa kile chuma mezani, nikakikumbatia, nikainuka.

Yaani nilitaka kuinuka. Mgongo ukasema "ka!" na ukabaki hapo. Nikawa nimeinama katikati ya chumba cha watu, nimeibusu cherehani, siwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Inzi akaja akakaa puani. Sikuwa na mkono wa kumfukuzia.

Dada akaingia na kikapu chake. Hakushtuka. Akasema, "Na wewe?"

Akaninyoosha, akanichua kwa dawa inayonuka mpaka mlango wa pili. Akanisuta kidogo, kwamba wazee wazima tunacheza na vyuma. Kisha akasema cherehani haibebwi hivyo. Inabebwa kichwani, na ngata chini yake, ngata ya kitambaa kilicholowa maji, na shingo usiigeuze hata ukiitwa. Alikuwa anafunga chupa ya dawa, hata hakunitazama.

Kichwani! Ngata mbichi! Maelezo mazuri sana haya. Nimeyaandika kiganjani nisiyasahau.

Njiani nimemwona Pacha. Anatembea amepinda kama mpini wa mwavuli. Nikamwuliza kulikoni, akasema kalala vibaya. Uzee haumfai.

Ijumaa, 7 Machi

Pacha kaja kuazima simu yangu, eti yake imekwisha chaji na anataka kumwita fundi wa bomba. Nikampa. Mimi sina roho mbaya. Nikamwambia asimalize salio.

Alikaa nayo muda wa kupika maharage. Akarudi anatabasamu, ana jasho mdomoni. Mabomba yanamsumbua sana masikini.

Mimi wakati huo nilikuwa nawaza, na wazo likaja. Lilivyokuja nilishika ukuta.

Nikijisifu mwenyewe, nani ataamini? Kila ndege husifu mbawa zake. Lakini je, adui akinisifu? Je, Pacha mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa simu yake, akiri kwamba cherehani alibeba Babu Sponji?

Sauti ni moja! Miaka yote hii nimelala juu ya hazina kama kuku asiyejua kwamba anaatamia yai la dhahabu. Kwanza nitamtuma shahidi. Siku mbili tatu baadaye nitatuma ya kwangu, kwa unyenyekevu, kwamba jamani nilifanya nilichoweza.

Jumamosi, 8 Machi

Imefanyika! Herufi hizi zinacheza ngoma.

Pacha huoga saa nne na huimba. Simu huiacha dirishani. Namba ya siri ni mwaka wetu wa kuzaliwa. Angeificha kwa nani? Nikaichukua, nikajifungia stoo, katikati ya sponji za zamani, mahali ambapo hata chafya haitoki nje.

Nikakohoa. "Kwa hakika, mjukuu wangu, mimi ni Babu Misumari." Nilijitisha. Alikuwa ni yeye kabisa!

Nikasimulia. Kwamba mimi, Misumari, moto ulipowaka nilijificha nyuma ya pipa na kuomba mama yangu. Kwamba ndugu yangu shujaa aliingia, akatoka na cherehani kichwani, chini yake ngata mbichi, na shingo hakuigeuza hata alipoitwa. Nikalia kidogo. Nalia vizuri kuliko Pacha.

Ila mwishoni kulitokea kitu nisichokipanga. Ilibidi niseme jambo jingine kidogo, lisiwe la moto tu, mtoto asije akashtuka. Nikakumbuka viatu. Tulikuwa na pea moja, watu wawili. Yeye shule ya asubuhi, mimi ya mchana, tunabadilishana njiani, vikiwa bado vina joto la mguu wa mwenzako. Nikasema, kwa sauti ya Pacha: ndugu yangu alikuwa akivipangusa vumbi kabla hajanipa. Kusema kweli aliyekuwa akivipangusa ni yeye. Mimi nilimpa na matope yake.

Sijui kwa nini nimeiandika hiyo.

Nikatuma. Kuizima simu tu, mlango wa stoo ukagongwa. Pacha! Ana taulo kiunoni, anauliza kama nimeiona simu yake. Nikamwambia nilisikia inaita, nikaikimbiza ndani isije ikaibwa. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akasema asante ndugu yangu.

"Ndugu yangu"? Toka lini?

Jumatatu, 10 Machi

Balaa! Balaa! Balaa!

Mjukuu kapiga asubuhi, sauti imejaa machozi. Kasema amezisikiliza zote mbili na hajawahi kuona wazee wenye mapenzi kama sisi. Nikamwuliza zote mbili zipi. Akasema ya Babu Misumari ya Jumamosi, na yako, babu, ile ya Ijumaa.

Sijatuma kitu Ijumaa!

Ijumaa. Fundi wa bomba. Maharage.

Nimefungua simu. Iko pale, imekaa kama chawa kwenye shati jeupe, kutoka kwangu kwenda kwa mjukuu. Nikabonyeza. Ikatoka sauti yangu, inasema mimi ni Babu Sponji, na kwamba siku ya moto nilizimia kabla hata moshi haujanifikia, nikamwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Na kwamba ndugu yangu shujaa, Misumari, aliitoa cherehani. Kichwani. Na ngata mbichi.

Mwizi! Tapeli! Mtu anaiba sauti ya ndugu yake wa tumbo moja! Nimewahi kuona watu wa ovyo, lakini huyu kanishinda hesabu!

Nilikuwa nimeshainuka nikamgongee. Ila simu ilikuwa bado inaongea. Naye ilimbidi aongeze jambo, lisiwe la moto tu.  Kisha akasema, kwa sauti yangu: "Mke wangu alikuwa akifagia uani anapiga mluzi." Halafu akaupiga.

Ndio ule ule. Unapanda, unapanda, halafu unakwama katikati, maana hakuwahi kuujua mwisho wake, akawa anarudi mwanzo mpaka uwanja wote ufagiliwe.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alipiga mluzi. Pacha ameusikia kupitia ukutani miaka yote ile.

Nikakaa chini. Nikairudia. Nikairudia tena, mpaka simu ikazima.

Kwa muda wa birika kuchemka, sikumchukia. Kisha nikakumbuka yale maji ya kuoshea vyombo.

Mchana tumekutana bombani. Yeye ana ndoo, mimi nina ndoo. Kaambiwa na mjukuu, naona machoni. Siwezi kumshitaki bila kujishitaki. Naye hawezi. Tukasimama pale, ndoo zikajaa zikamwagika. Jirani akapita akasema inapendeza kuona ndugu wanaoteka maji pamoja.

Jumatano, 12 Machi

Mjukuu katupigia wote wawili kwa pamoja, kila mtu kwenye simu yake, tukawa tunasikiana mara mbili, kwenye simu na ukutani.

Kasema ana swali dogo. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyebeba. Sawa, huo ni unyenyekevu. Lakini wote wawili mmesema kichwani, na ngata mbichi, na shingo isigeuzwe. "Babu zangu, kati yenu nani amewahi kubeba hata beseni kichwani?"

 Pacha akakohoa. Nikasema mtandao unakatika. Pacha akasema kwa hakika unakatika.

Basi kasema atamwuliza Bibi, yaani Dada, maana yeye hajamtumia sauti bado. Akakata.

Tukatoka nje kwa wakati mmoja! Mara ya kwanza tangu shule, tulikimbia upande mmoja. Ni mwendo wa wazee lakini ulikuwa na nia. Njiani tukapatana haraka: Dada aseme tulibeba wote, mmoja mbele, mmoja nyuma. Jina likatwe nusu. Pacha akataka nusu ya kwanza. Tukasimama kugombana. Tukapoteza muda.

Tulipofika, Dada yuko kwenye kigoda, simu sikioni, mkono mwingine unachambua mchele. Tumesikia mwisho tu. Alikuwa akisema kwa sauti ile ile ya kuhesabia mayai:

"Wao walikuwa barabarani na ndoo moja, wanagombania nani atangulie. Nikaona jioni itafika. Nikalowesha kipande cha pazia, nikaingia nikaitoa."

Mjukuu kamwuliza kitu. Dada akacheka. Akasema, "Sikuulizwa, mwanangu. Hawa walikuwa wanaongea."

Akakata simu, akatuuliza kama tutakula.

Nimejitetea, nimesema moshi ulikuwa mwingi, mtu anaweza kuchanganya. Dada akasema ndiyo, mdogo wangu, ulikuwa mwingi. Afadhali angenitukana.

Mjukuu katuma ujumbe: jina ni la Bibi. Nikamjibu je, akiwa wa kiume? Akajibu nile chakula nilale.

Jumapili, 16 Machi

Ni msichana! Wazima wote wawili. Kwanza hilo.

Dada alikwishahamia kwa mjukuu tangu Alhamisi kumwangalia. Leo mimi na Pacha tukaenda kuwasalimu, kila mmoja na basi lake. Kusema kweli tulikwenda kukata rufaa ya jina. Katika ukoo wetu hutangulia wavulana. Kila mmoja alikuwa amejipanga.

Sikuwa hata nimekaa, mjukuu akashika ubavu wa kitanda na uso ukabadilika. Mume yuko safarini na lori.  Presha, daktari alisema presha! Nikamwona amekunja vidole vya miguu, mtoto yule niliyemfundisha kutembea kwa kushikilia makochi, na jina likanitoka kichwani kabisa, sijui langu, sijui la nani. Nikasema Mungu wangu, chukua chochote, chukua Pacha.

Kulikuwa na begi la hospitali mlangoni, tayari. Nikalikamata. Pacha naye akalikamata. Nikamwambia aliachie, mimi ndiye babu hasa, damu yangu. Akasema kwa hakika yeye ana mgongo mzima. Mgongo mzima! Nikavuta. Akavuta.

Tuliposikia gari, Dada alikuwa ameshaita jirani, ameshamshusha mjukuu ngazi, ameshamweka kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwake. Gari likaondoka. Sisi tukabaki ngazini, kila mtu na mkono mmoja wa begi.

Tukalipeleka kwa miguu.  Karibu na hospitali Pacha akaanza ule mluzi, taratibu, bila kujua. Ukakwama palepale unapokwama. Nikamsaidia kurudi mwanzo.

Nimempakata mtoto. Ana uso wa Dada, uso wa mtu anayesubiri tumalize kuongea.

Jumanne, 18 Machi

Mjukuu yuko nyumbani, anacheka, presha imeshuka. Tayari kabuni jambo jipya, hana dawa huyu. Anataka kila mtu amtumie sauti, asimulie siku mtoto alivyozaliwa, na sisi tukiwa bado tunakumbuka vizuri.

Vizuri! Safari hii sitakawia. Maelezo ninayo mwenyewe, sikuazima kwa mtu. Nimeanza mazoezi tangu chai: "Kitukuu changu, siku ulipokuja duniani, watu wote walichanganyikiwa. Nani aliyetulia? Nani aliyekimbia na begi lako mpaka hospitali? Peke yake? Kichwani?"

Nilipoweka gilasi ukutani nilisikia kikohozi. Pacha yuko bafuni. Anasema begi lilikuwa zito, lakini kwa hakika alilipakata kama kuku.

Hana haya! Mtu mzima, na juzi tu Dada katuumbua!

Sasa anaimba, maji yanatiririka. Simu yake iko dirishani, naiona kutoka hapa. Kila ndege husifu mbawa zake, lakini adui akikusifu...

Nimeshakohoa. Kwa hakika.